Jeneza Lililoazimwa

Heru Juu, Jumapili, 25 Oktoba 2015

Tumepiga kura asubuhi, na mvua ya kwanza ya kweli imetukuta njiani tukirudi. Vijana walikimbia wakicheka. Mimi sikukimbia, magoti yangu hayataki tena mambo hayo. Nilipofika nyumbani mke wangu Asmahani alikuwa amesimama mlangoni, anatazama barabara ya Kibondo. Kutoka hapa kilimani huonekana nyekundu kwa kipande kifupi, kisha hupotea kwenye miti.

"Imeanza," alisema.

Hakuwa anazungumzia kilimo.

Nilifundisha shule kwa muda mrefu na nimebaki na tabia ya kueleza jambo kuanzia mwanzo wake. Basi na hili nalieleza. Mvua zilipokuwa zinaanza mwaka juzi, mwanangu Abbasi alikuwa kwenye basi akitoka Kibondo. Karibu na mto Malagarasi majambazi walilaza gogo barabarani. Dereva hakusimama, akajaribu kupita pembeni, basi likapinduka. Mkewe, Nasma, alipigiwa simu akiwa sokoni, anachagua nyanya. Alipofika alikuta mwili umekwisha kuvishwa sanda na kufungwa, na wanaume waliokuwepo wakamwambia ni heri asione. Alimzika mumewe bila kuuona uso wake. Tangu hapo ana presha na anameza vidonge kila siku.

Sasa Nasma yuko upande huohuo tena. Mwezi huu kambi ya Nduta, karibu na Kibondo, imefunguliwa upya kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, na amepata kazi ya kugawa chakula. Mtoto wake wa pekee, Shamsi, anakaa kwetu kwa sababu anasoma tawi la chuo kikuu pale Kasulu mjini. Nimeamua kuandika msimu huu, siku kwa siku, nione kama hofu ikiandikwa hupungua.

Jumatano, 28 Oktoba

Tumepanda maharage shamba la juu. Nasma hajapiga simu. Asmahani anasema ni mtandao, mimi nasema ni mtandao.

Jumanne, 3 Novemba

Shamsi amerudi kutoka chuoni na furaha isiyofichika. Wanafunzi wa fasihi wataigiza komedi ya kale, ya karne zilizopita, ambayo mhadhiri wao ameifasiri kwa Kiswahili. Yeye amepewa nafasi kubwa kuliko wote.

"Nafasi gani?" nikamuuliza.

"Babu, mimi ndiye marehemu."

Asmahani aliacha kuchambua mchicha. Shamsi akaharakisha kusimulia. Kuna mfanyabiashara tajiri anayetaka kujua nani anampenda. Anajifanya amekufa, analazwa katikati ya sebule, anasikiliza. Ameapa kwamba hatainuka mpaka asikie mtu mmoja akimlilia bila kuulizia mali. Wanakuja wapwa, wanakuja wake wa wapwa, anakuja mpishi, kila mmoja analia kwa sauti na kila mmoja ana lake. Hakuna anayelia kweli. Mwisho tajiri anainuka kwa sababu amesikia harufu ya pilau la matanga yake mwenyewe, na njaa imemzidi.

Nilicheka. Ni komedi iliyotengenezwa vizuri. Nikaanza kumweleza Asmahani kwamba toka zamani watu wameigiza kifo ili wakicheke, na kwamba kukicheka ni njia ya kupumua.

"Mtoto wa Nasma hawezi kulala chini afunikwe shuka watu wacheke," alisema. "Kama ni kupumua, apumue akiwa amekaa."

"Bibi, usikonde, ni mchezo tu," Shamsi akasema. "Ila msimwambie mama kwamba ninakufa. Mwambieni naigiza tajiri."

Tulikubali kunyamaza kwa sababu ya presha ya Nasma. Nilidhani tunamkinga.

Jumapili, 8 Novemba

Leo Shamsi amekuja na rafiki yake Pasikali, ambaye ndiye anayeongoza mchezo. Ni kijana Mkristo wa Rungwe Mpya, mrefu, mpole, anapiga makofi ya heshima na kuinama kwa wakubwa kama Waha tulivyolelewa, jambo ambalo vijana wengi wameliacha. "Mwidiwe, babu," alinisalimu kwa Kiha, na nikampenda palepale.

Alikuja kuuliza. Mfanyabiashara wa kwenye tamthilia wamemgeuza kuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kasulu, ili watazamaji wamtambue. Kwa hiyo anataka kila kitu kiwe sawasawa. Mimi kupewa mwanafunzi anayeuliza ni kama mwenye kiu kupewa mtungi. Nilimweleza ukoshaji wa maiti, sanda ya mwanaume ina vipande vingapi, namna wanavyopokezana kubeba. Nikamweleza kwamba sisi hatuziki mtu na sanduku. Jeneza letu ni moja, la msikiti, lina mikono minne na kitambaa cha kijani. Humpeleka mtu kaburini, kisha hurudi tupu na kuwekwa mahali pake hadi atakapohitajika mwingine.

"Kwa hiyo ni la wote?" Pasikali aliuliza.

"La wote."

"Kama viti vya kanisa. Sisi fundi hutuchongea, kila mtu na lake, linaingia chini naye."

Akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Asmahani aliwaletea chai lakini hakukaa.

Alhamisi, 12 Novemba

Kumbikumbi wametoka. Watoto wa jirani wamekusanya ndoo nzima.

Jumatatu, 16 Novemba

Nasma amepiga. Sauti yake ilikuwa ikienda na kurudi. Watu wanaingia Nduta kila siku, anasema, wengine wamebeba magodoro mabichi kwa mvua, wengine hawana kitu. Kirundi chao na Kiha chetu vinaelewana, kwa hiyo wanamsimulia yote na yeye hana pa kuyaweka. Juzi basi limesimamishwa tena porini. Hakuna aliyekufa. Siku hizi mabasi husubiri askari wapande ndipo yaondoke.

"Usisafiri mpaka mvua zitulie," nilimwambia.

"Nitasafiri kwenda wapi, baba? Kazi hainiachii hata kufua. Huyo mwanangu na mchezo wake anaendeleaje?"

"Anaigiza tajiri."

"Anamfaa," alisema, akacheka kidogo. Ndicho kicheko chake cha kwanza nilichosikia mwaka huu. Nilishika simu hata baada ya kukatika.

Ijumaa, 20 Novemba

Asmahani ameangusha sufuria ya maziwa. Aliingia chumba cha mbele akamkuta Shamsi amelala chali kwenye mkeka, mikono ubavuni, macho yamefungwa, amezuia pumzi. Alikuwa anafanya mazoezi. Nilimkuta mke wangu ameegemea ukuta, na Shamsi anamwomba radhi huku anafuta maziwa.

Nilimweleza Asmahani kwamba mwili wa kijana mzima unaweza kuzuia pumzi muda mrefu bila madhara. Akaniangalia kwa uvumilivu.

"Najua anapumua, Mwalimu. Mimi nimemwona Abbasi."

Shamsi amefanana na baba yake hasa anapofumba macho, na mimi nilikuwa nimeliona hilo tangu juzi na kuliacha bila kulitaja.

Jumatano, 25 Novemba

Mvua siku nzima. Lori limekwama chini ya kilima na limeziba njia. Sijasikia kutoka Nduta.

Alhamisi, 3 Desemba

Mchezo ni kesho kutwa. Asmahani alikuwa amesema haendi. Leo amefua baibui lake jeusi la sherehe na kulianika ndani kwa ajili ya mvua. "Nikibaki hapa nitakuwa namwona tu," alisema. "Ni heri nikamwone akiinuka."

Jumapili, 6 Desemba

Jana sikuweza kuandika. Leo nitajaribu kuweka mambo katika mpangilio wake, maana mengine niliyajua baadaye.

Tulishuka mjini asubuhi kwa bodaboda mbili. Huku kwetu umeme haujafika, kwa hiyo nilipita sokoni nikaacha simu yangu kwenye kibanda cha kuchaji, niichukue jioni. Ndivyo tufanyavyo wote wa Heru Juu.

Asubuhi hiyohiyo Pasikali alikwenda msikitini, palepale mjini. Walikuwa wametengeneza jeneza la mbao laini na likavunjika kwenye mazoezi ya mwisho. Shamsi alikuwa anapimwa kanzu, simu ameizima, hakujua. Pasikali akakumbuka maelezo yangu, kwamba ni la wote na kwamba hurudi. Akamkuta Abdalah, mtunzaji wa msikiti, akapiga makofi yake ya heshima akasema: "Mzee, tumekuja kuomba jeneza. Ni la Shamsi, mjukuu wa Mwalimu Mansuri."

Nilimweleza kijana yule kila kitu isipokuwa kimoja, ambacho kila mtoto wa Kiislamu hukijua bila kuelezwa: jeneza haliazimwi. Hakuna anayekuja kuliomba kwa shughuli nyingine yoyote. Na anayekuja kulichukua haulizwi maswali, kwa sababu ni mfiwa. Abdalah alisema "Innalillahi", akalipangusa vumbi, akasaidia kulitoa mlangoni. Kijana alikuwa na uso mzito, Abdalah anasema. Bila shaka. Alikuwa anawaza mchezo.

Kisha Abdalah akafanya ambacho kila siku hufanya. Alitangaza msiba kwenye kipaza sauti. Kabla ya adhuhuri wenye maduka wa Kasulu walikuwa wamewapigia jamaa zao wa Kibondo.

Hayo yote yalikuwa yanatembea mjini, na mimi na Asmahani tumekaa kwa rafiki yetu upande wa pili, tunakula wali, hatuna simu, mvua inapiga bati.

Baada ya alasiri tuliingia ukumbi wa chuo. Ulijaa. Jenereta lilikuwa linaunguruma nje na mvua juu, ikabidi waigizaji wapaze sauti. Karibu nami aliketi Therese, mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge sokoni. Nguo za wapwa wote zilitoka kwake. "Papa, leo utacheka mpaka mbavu itakuuma," alinionya. "Mimi nimeona repetisyo yao, ile mazoezi. Ule marehemu ni mwizi wa roho."

Na kweli tulicheka. Sehemu ya kwanza, Shamsi akiwa hai, aliwaita wapwa mmoja mmoja na kuwauliza afya zao kwa namna ambayo kila mtu wa Kasulu alimtambua tajiri fulani, ingawa hakuna aliyetaja jina. Hata Asmahani alitabasamu chini ya ushungi. Kisha taa zikapunguzwa, sauti ya kilio ikatoka nyuma ya pazia, na vijana wanne wakaingia wamebeba jeneza.

Nililitambua. Nimelibeba mara nyingi mno. Upande mmoja lina mkono uliofungwa waya, na mkono ule nimeushika mimi mwenyewe siku ya Abbasi. Juu yake palikuwa na shuka nyeupe na umbo la mtu.

Asmahani alinishika kifundo cha mkono.

Ndipo Abdalah akaja. Alipita pembeni ya ukumbi ameinama, kanzu imelowa mpaka magotini, akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Mwalimu, poleni sana," alininong'oneza. "Nyumbani kwako pamefungwa. Watu wamejaa msikitini tangu alasiri. Mnamleta saa ngapi?"

"Kumleta nani?"

Alitaka kujibu, lakini macho yake yalikuwa yamefika jukwaani. Aliliona jeneza lake. Mke wa mpwa wa kwanza alikuwa amelikumbatia huku mkono mmoja unapapasa chini ya mto kutafuta funguo za kabati, na ukumbi mzima unacheka. Abdalah alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Nani yuko ndani?" aliuliza.

"Shamsi. Yu hai. Ni mchezo."

Alifumba macho, akataja jina la Mungu, kisha akayafumbua upesi. "Mwalimu, mimi nimetangaza. Kibondo wana habari. Mkweo yuko njiani toka adhuhuri. Amepanda lori la unga la yule dereva Tharsisi, hakungoja basi wala askari."

Hapo ndipo hofu yangu yote ya msimu huu ilipopata mahali pa kusimama. Nasma yuko porini kwenye mvua, kwenye lori lisilo na ulinzi, anapita pale palipomchukua mumewe, kwenda kuzika mtoto ambaye hakufa. Na moyo ule wa vidonge.

Nilimwomba Therese simu. Namba ya Nasma naijua kwa kichwa, niliikariri makusudi. Niliambiwa mtu huyo hapatikani kwa sasa. Nilipiga tena. Jukwaani mpwa wa pili alikuwa analia na kuuliza shamba la Heru Juu limepimwa au la, na watu wanapiga miguu chini kwa kucheka. Nilipiga tena.

"Simamisha mchezo," Asmahani alisema.

Nilinyanyuka, nikaketi tena. Nilimwona Shamsi kwa mawazo akisikia habari ile. Angevua sanda palepale, angedandia pikipiki ya kwanza, angeingia porini kumfuata mama yake jioni inaingia. Tungekuwa na wawili barabarani badala ya mmoja. Niliona kwamba kwa muda ule mahali salama kuliko pote kwa mjukuu wangu palikuwa ndani ya jeneza.

Nilimnong'oneza Asmahani hivyo. Alifikiri. Kisha akasema, "Basi alale."

Abdalah aliondoka kwenda kuwatuma vijana wa pikipiki wasimame pale barabara inapoingia mjini, walione lori. Sisi tulikaa. Sijui nieleze vipi kukaa kule. Watu wanacheka mbele yako, nyuma yako, kushoto, na wewe unaipima njia. Malagarasi, kama daraja limeachwa na maji. Kisha pori. Kisha kijiji cha Makere. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguka na upepo kuingia niligeuka, akawa ni mwanafunzi amechelewa. Therese alikuwa ameelewa. Alinishika bega akaacha mkono wake pale, hakucheka tena.

Vijana wa Abdalah hawakuliona lori. Tharsisi alikuwa amepita njia ya nyuma kukwepa tope. Msikitini watu walikuwa wamekwisha ambiwa ukweli na Abdalah na kutawanyika; Nasma alimkuta kikongwe mmoja tu, aliyesikia nusu ya habari, akamwambia jeneza lipo chuoni. Kwa hiyo Nasma aliambiwa maiti ya mwanawe iko chuoni, na alipofungua mlango wa ukumbi akaiona.

Aliingia peke yake. Alikuwa bado na fulana ya kazi, imemganda mwilini, kanga kichwani, kiatu kimoja hana. Hakupiga kelele. Jukwaani walikuwa wanapiga kelele wanawake watatu kwa mpigo, wanagombania mkufu, na huyu alikuja katikati ya viti bila sauti, na watu walidhani ni mmoja wa waigizaji. Mtu alipiga makofi. Mwingine akasema, "Huyu sasa ndiye mke mdogo," kicheko kikapasuka.

Asmahani alikuwa amekwisha simama, anasukuma magoti ya watu apite.

Nasma alipanda jukwaani. Pasikali, aliyekuwa mpwa wa kwanza, alimwangalia kwa mshangao, maana hamfahamu. Wale wanawake wakanyamaza. Nasma alisimama miguuni pa jeneza.

"Nifunulieni," alisema.

Watu wakacheka.

"Yule mwingine mlinikatalia. Huyu nifunulieni nimwone."

Kicheko kilianza kufa kutoka mbele. Mstari wa kwanza ulikuwa unaona uso wake. Kikafa wa pili, wa tatu, mpaka ikabaki mvua tu na jenereta. Shuka ilitikisika. Shamsi alikuwa ameambiwa asisogee hata paa likianguka, mpaka pilau liletwe, na mtoto yule ni mtiifu. Lakini alikuwa amesikia sauti.

Alijifunua mwenyewe, akakaa.

"Mama," alisema.

Nasma hakuanguka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumwona anaanguka. Alimshika miguu, akafinya vidole kimoja kimoja, akapanda magotini, akabonyeza kifua kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka mtini. Uso aliuacha mwisho. Aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu sana, na ukumbi mzima ukangoja.

"Umekula?" alimuuliza.

"Bado, mama. Mchezo haujaisha."

Asmahani alifika, akamfunika baibui lake. "Dawa umekunywa?"

"Nimeiacha Nduta."

Hapo nikaogopa upya. Tulimkalisha ukingoni mwa jukwaa. Therese alikwenda mbio kwa jirani yake wa sokoni mwenye maradhi yaleyale akaleta kidonge, lakini Nasma alikikataa, akasema dawa ya mtu mwingine hanywi, aletewe maji. Akanywa. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Shamsi alikuwa anajaribu kueleza, Pasikali anajaribu kueleza, mimi pia nimefika nikafungua mdomo.

"Baba, utanieleza kesho," aliniambia, kwa adabu. Nikaufunga.

Pasikali alisogea mbele ya watazamaji akasema wanaomba radhi, mchezo umeishia hapo. Watu walianza kunyanyuka.

"Umeishiaje?" Nasma aliuliza. "Si amesema haujaisha?"

"Mama, si vizuri tena," Shamsi alisema.

"Mimi nimekalia magunia ya unga kutoka Kibondo. Mara mbili tumesukuma lori. Nataka nione unavyoamka. Rudi ulale."

Kisha Shamsi alirudi akalala, na Pasikali akamfunika. Nasma aliketi kati yangu na mke wangu. Wapwa waligombana tena, mwanzo bila nguvu, halafu nguvu zikarudi. Mpishi aliingia na sinia la pilau la kweli, moshi unapanda, akalipitisha juu ya jeneza. Pua ya marehemu ikacheza chini ya shuka. Ikacheza tena. Mkono ukatoka, unapapasa hewa, ukaokota nyama, ukarudi ndani.

Nasma alicheka. Kilianza kama kicheko na sijui kilikuwa nini kilipoendelea, maana mabega yalikuwa yanaruka na macho yanatiririka. Watu hawakumtazama. Walicheka naye, kwa adabu, kama mnavyoitikia dua.

"Lia tu, mama, na ucheke," Therese alimwambia. "Machozi haina kabila."

Tulipofika nyumbani jana jioni tulikuta uani lundo la kuni, limefunikwa maturubai, na mifuko ya maharage na unga kwenye kizingiti. Majirani walikuwa wamekuja kwenye msiba wakatukosa.

Jumatatu, 7 Desemba

Nimetaka kurudisha kuni. Kila niliyemwendea amekataa: kuni ikishatolewa kwa msiba haichukuliwi tena. "Lakini msiba haukuwepo," nikasema. Jirani mmoja alijibu, "Sisi tulilia, Mwalimu."

Jioni Pasikali, Shamsi na wenzao walirudisha jeneza. Nilikwenda nao. Nilikuwa nimemkasirikia Abdalah kwa kutangaza bila kuuliza, lakini nimefikiri, na kama angemuuliza mfiwa maswali mlangoni ningemlaumu zaidi. Pasikali alipiga magoti mbele yake na kupiga makofi ya heshima. Abdalah alimwinua.

Asmahani alikuja pia, na ndoo ya maji, alioshe. Alimwambia Abdalah kinachomsumbua: jeneza limetoka kwa jina la Shamsi, isije likamrudia. Siku za nyuma ningeingia kati kueleza. Safari hii nilisubiri jibu, maana na mimi nilikuwa nalihitaji.

Abdalah alichukua ndoo. "Mama, kila siku linakwenda na mtu na kurudi tupu," alisema. "Hili limekwenda na mtu, na mtu huyo ametembea nalo mwenyewe kulirudisha. Sijawahi kuliona hilo tangu nianze kazi."

Waliliosha pamoja.

Jumatano, 9 Desemba

Mwaka huu sikukuu ya Uhuru ni ya kufanya usafi. Tumefagia njia. Nasma amefagia nasi. Presha imeshuka kidogo, mganga wa zahanati amempa vidonge. Shamsi hatoki nje bila kumwambia anakokwenda, hata chooni.

Jumapili, 13 Desemba

Nasma amerudi Nduta leo. Nilimsihi abaki mpaka mvua ziishe, akasema watu wa kule hawali mvua. Amepanda basi lenye askari. Kabla ya kupanda alitupa sheria moja: yeyote atakayempigia simu, kabla ya salamu, ampe kwanza Shamsi aongee. Habari nyingine zote zitafuata.

Alipiga alipofika. Nilipokea.

"Mpe," alisema.

Nilimpa. Shamsi aliweka simu sikioni akasema, "Marehemu anazungumza." Nilisikia kicheko cha mama yake kutoka huko, kidogo, kisha mtandao ukakata.

Mvua imeanza tena. Tunapikia kuni za ule msiba, na zitatutosha muda mrefu. Asmahani alikuwa mlangoni akitazama barabara. Nilikwenda nikasimama naye, na sikueleza kitu.